Aje Bila Lori

Tarehe 4 Machi

Mwanangu,

Pokea salamu za mzee wako. Mimi mzima, ukiacha magoti, ambayo siku hizi huanza kulalamika kabla sijaamka. Ng'ombe nao hawajambo wote. Nina wasiwasi na wewe tu. Unakula? Unalala? Dada yako hajambo? Na hiyo kazi ya kufua mashuka ya hoteli, inakupa hata nafasi ya kukaa chini?

Utashangaa kupata barua. Simu uliyoniachia ninayo, lakini masikio yangu na simu havipatani. Juzi ulisema "nimefika kazini", mimi nikasikia "nimeshikwa kazini", nikashinda roho mkononi. Basi nimeona heri kalamu. Honi, yule dereva wa lori la maziwa, anasema maziwa yetu huyashusha mtaa wa pili kutoka kwenu, na kubeba barua si kubeba gunia.

Sasa shida yangu. Madoa kazaa ndama jike. Siku ya kwanza nilimkamulia dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, nikamnywesha kwa chupa, akanywa vizuri. Lakini ndoo hataki hata kuiona. Anaikimbia kama imemtukana. Kumwachia mamake siwezi, Madoa ana kidonda kwenye chuchu na anarusha mateke. Jana nimemsukumia ndama kichwa ndooni, akapiga chafya, maziwa yote yakanirukia usoni. Nimempa jina Kisirani.

Tangu mwanangu akuoe, ndama walikuwa kazi yenu nyinyi wawili. Mimi kazi yangu ilikuwa kupita na kusema "wamenenepa". Alipotutoka, ukabaki nao peke yako mwaka mzima na zaidi, mpaka mimi mwenyewe nikakwambia nenda kwa dada yako ukapumue. Siyafuti maneno yangu. Lakini hebu niambie, ulikuwa unawafanyaje hata wakanywa?

Ni mimi,
Baba


Tarehe 7 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta mzima, na dada anakusalimu. Pole kwa magoti. Yasugue mafuta jioni, usiseme utayasugua kisha usiyasugue. Nakujua.

Baba, ndoo usimpelekee mdomoni. Ndama hajui kwamba maziwa hukaa chini. Kwake yeye maziwa hutoka juu. Mrudishe kinyumenyume mpaka kwenye pembe ya banda, msimamie miguu yako huku na huku kama unataka kumpanda, ila usimwekee uzito. Nawa mkono, chovya vidole viwili kwenye maziwa, mpe anyonye. Akishakolea, shusha mkono taratibu mpaka ndooni, naye atafuata vidole. Pua isizame. Akianza kuvuta mwenyewe, toa kidole kimoja, halafu cha pili, ukiwa kimya kama mwizi. Na maziwa yawe na joto la mwili. Yakipoa yatamsokota tumbo.

Huku chumba chetu kiko ghorofa ya pili, na dirisha linatazama tangi la maji la jirani. Kazini ni mashuka meupe toka asubuhi hadi jioni. Iko mashine ya pasi ndefu kama kitanda, unalisha shuka huku, mwenzako analipokea kule. Mikono yangu inanuka sabuni. Jana nilijikuta naipeleka puani, nikitafuta harufu ya maziwa. Kila alfajiri saa ya kukamua naamka, nakaa kitandani sina wa kumkamua. Dada kachoka nami. Anasema, "Kama huwezi kulala, basi nikamue mimi, tupumzike."

Honi kasubiri mlangoni nikiandika. Nilimwambia aingie, akasema viatu vyake vina maziwa.

Mwanao


Tarehe 19 Machi

Mwanangu,

Habari za huko? Huku ni salama, na tena ni zaidi ya salama. Kisirani amekunywa!

Siku ya kwanza alininyonya vidole mpaka nikaona atavimeza, lakini nikishusha mkono tu, anaachia. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu nikawa nimekasirika, nikasema leo mmoja wetu atalala njaa na si mimi. Nikashusha mkono, akafuata. Nikasikia kile kisauti, fyo, fyo, fyo. Nikatoa vidole vyote. Hakujua hata kama nimetoa. Mwanangu, nilisimama pale na mkono unadondoka maziwa, mzee mzima, nacheka peke yangu. Nikageuka ili nimwambie mtu. Hapakuwa na mtu.

Hapo ndipo nyumba iliponiwia kubwa. Mlango wa banda kaugonga misumari mumeo, na ile ya juu kaipinda kama kawaida yake, hakuwahi kupiga msumari ukanyooka. Nilikuwa nikimsema kwa hilo. Sasa naigusa kila nikipita.

Usiniwazie sana. Honi akija kuchukua maziwa hukaa kidogo kwa chai. Tangu asubuhi ile alipompeleka marehemu hospitali kwa lori, amekuwa kama ana deni na mji huu. Kelele za honi yake ni nyingi, lakini mwenyewe ni mpole. Majuzi kanishikia ndama nikimpaka dawa ya kitovu, yule wa ng'ombe wetu Kahawia, aliyezaliwa Ijumaa. Kijana mwenye adabu. Sijui kwa nini hana mke.

Niandikie. Barua yako naisoma zizini kwa sauti, na Madoa anasikiliza kuliko watu wengi ninaowajua.

Baba


Tarehe 2 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Nisamehe kimya changu. Si ugonjwa. Kazi zimekuwa nyingi, wageni wengi hotelini, na usiku nikishika kalamu usingizi unanishinda.

Nimefurahi kusikia Kisirani anakunywa. Sasa mwanzishie majani makavu laini, kidogo kidogo, na maji safi yawepo daima. Wengi hudhani maziwa ni maji. Si maji. Banda likilowa, badilisha matandiko siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Sina mengi. Nakukumbuka. Nawakumbuka wote.

Mwanao


Tarehe 14 Mei

Mwanangu,

Barua yako ilikuwa fupi kama mkia wa mbuzi. Umesema huumwi, nimekuamini nusu. Anayekukataza kuandika ni nani? Au nimekuudhi? Kama ni maneno ya kusoma barua zako mbele ya ng'ombe, nitaacha, ingawa Madoa atanuna.

Huku wote salama. Kisirani anaruka ruka, juzi katoroka nikamfukuza mpaka kwenye kisima, yeye anasimama, ananingoja nikaribie, anaruka tena. Jirani kanikuta nimejiinamia, kauliza, "Mzee, unatafuta nini hapo chini?" Nikamwambia natafuta pumzi yangu.

Nikwambie kichekesho kingine. Honi siku hizi ni bwana harusi! Shati limenyooka, kola imesimama, hata mkunjo wa mkono unaweza kukata mkate. Nimemtania, "Nani anakupigia pasi namna hiyo?" Kamwaga chai. Yuko mtu, mwanangu, nakwambia. Ukimwona, nawe mtanie.

Niandikie barua ndefu. Jioni zimekuwa ndefu, sina cha kuzijazia.

Baba


Tarehe 30 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Nimempa muuza mbegu anayekuja huko, sikumpa Honi. Ukimaliza kusoma utaelewa.

Anayempigia pasi ni mimi.

Nimeandika sentensi hiyo nikaenda kusimama dirishani, nikarudi. Baba, sikuitafuta. Alikuwa analeta barua zako, anasubiri mlangoni. Halafu akawa anakuja hata bila barua, kuniambia Kisirani amekua kiasi gani, anaonyesha kwa mkono, hapa, sasa hapa. Mimi nilikuwa na njaa ya habari hizo. Alikuwa anakuja na harufu ya nyumbani kwenye nguo zake. Sikujua ni lini nilianza kumsubiri yeye, siyo barua. Nilipojua, ndipo niliposhindwa kukuandikia. Ningekuandikia vipi, halafu nimpe yeye mkononi?

Ameomba kunioa. Nimemwambia sina jibu mpaka wewe uwe na neno. Baba yangu mzazi hayupo, unajua. Ninaye baba mmoja tu aliyebaki. Ninaomba yeye aende kwako kama mtu aendaye kwa baba wa binti, na siku ikifika, wewe usimame upande wangu.

Sijamsahau mwanao. Sitaki udhani hivyo. Bado nalala upande wangu wa kitanda, ule mwingine nauacha.

Ukikasirika, kasirika, lakini niandikie.

Mwanao


Tarehe 28 Juni

Baba,

Shikamoo. Nimesubiri. Muuza mbegu kaniapia barua alikupa mkononi.

Honi anasema hutoki tena barabarani. Anakuta makopo ya maziwa yamewekwa langoni na chai hakuna. Akisalimu, unaitikia kwa kichwa. Amekuja kuniambia akiwa ameinamisha uso kama mtoto aliyevunja chungu. Nimemwambia asije tena mpaka nimwite.

Sikuombi ruhusa ya kuondoka kwako, Baba. Ndiyo maana naogopa. Mwanamke akifiwa akaolewa pengine, watu husema ameondoka. Mimi nitakuwa nani wako? Nitakuja kwako kama nani? Nikisikia Kisirani amezaa, nitakuwa na haki ya kufurahi? Hayo ndiyo yananiamsha siku hizi, siyo saa ya kukamua.

Sema hapana kama ni hapana. Kimya chako ni kizito kuliko hapana.

Mwanao


Tarehe 9 Julai

Mwanangu,

Ndama wanahara. Mharo mweupe, unanuka. Yule dume mdogo wa Kahawia amekufa jana asubuhi. Wawili waliozaliwa juzi wamelala chini, macho yameingia ndani, hata vidole hawanyonyi. Daktari wa mifugo kaja, katoa dawa, kasema dawa peke yake haitoshi, wanataka mtu wa kukaa nao.

Mimi sijui kukaa nao.

Njoo.

Barua nimempa Honi. Sikuwa na mwingine.

Baba


Tarehe 1 Agosti

Baba yangu,

Shikamoo. Nimefika salama. Msimamizi kazini alinikalia kooni kwa ajili ya siku nilizokosa, lakini mashuka hayakuisha wala hayataisha, kwa hiyo kanirudisha kwenye mashine yangu.

Nimekumbuka nilivyowakuta. Wewe umekaa chini kwenye banda, suruali imelowa, umempakata yule ndama mweupe kama mtoto wa mtu, unamwambia "kunywa, mama, kunywa, mama." Sijawahi kukuona hivyo. Hukunisalimu, hukuniuliza safari. Ulisema tu, "Maji ya chumvi na sukari yako kwenye birika, sijui kama nimepatia." Ulikuwa umepatia, Baba. Yale maji uliyowapa kabla sijafika ndiyo yaliyowashikilia.

Usiache kuosha ndoo kwa maji ya moto, kila ndama na ndoo yake. Na kila ukitoka kwa mgonjwa, nawa kabla hujamgusa mzima.

Siku zote zile tulizokuwa pamoja hatukulizungumza lile jambo. Tulikaa mezani kama watu wanaomsubiri daktari atoke chumbani. Tukisema, tunasema ndama: kanywa, hajanywa, kasimama. Mara mbili nilifungua kinywa, ukainuka kwenda kuangalia lango. Sikulaumu. Siku yule mweupe aliposimama mwenyewe akatikisa mkia, ulinishika bega ukaliminya, ukaondoka haraka. Bega hilo nimekuja nalo huku, nalihisi mpaka leo.

Nilikuwa nimesahau nyumba hiyo inavyonuka asubuhi. Sasa nimekumbuka, na ni vibaya zaidi kuliko kusahau.

Sitakuuliza tena, Baba. Lolote utakaloamua, niandikie habari za ndama.

Mwanao


Tarehe 11 Agosti

Mwanangu,

Salamu. Ndama wazima. Magoti nayapaka mafuta.

Mwambie aje. Aje Jumapili. Aje bila lori.

Baba


Tarehe 20 Agosti

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu sana, na dada yako pia. Kaa chini, barua hii ni ndefu. Nimempa muuza mbegu, maana mwenyewe anayehusika asibebe habari zake.

Alikuja. Alishuka barabara kuu akatembea kwa miguu, na viatu vipya vinambana, nilimwona toka mbali anavyokanyaga kama kuku kwenye kaa la moto. Sikwenda kumpokea. Nilitaka nione kama atafika langoni au atarudi. Akafika. Akapiga hodi mtu ambaye miaka yote hii nimemzoea kwa kelele. Hodi yake ilikuwa ndogo mno, kidogo nisiisikie.

Nilimkaribisha kiti. Nikamwachia anyamaze mpaka jasho likamtoka. Kisha nikamwambia neno ambalo limenikaa kifuani muda wote ule niliokunyima jibu, nawe ulidhani ni hasira. Nikamwambia:

"Asubuhi ile nilikupa mwanangu kwenye lori lako. Jioni ukarudi peke yako. Sasa unamtaka na binti."

Hakujitetea. Alishika magoti yake kwa mikono miwili. Akasema, "Mzee, najua. Kila nikipiga kona ya kuingia kwako, najua."

Nikamwuliza kitu ambacho sikuwahi kumwuliza mtu, hata wewe. Nilimwuliza njiani ilikuwaje.

Akanieleza. Aliyamwaga makopo yote ya maziwa kando ya barabara ili lori liwe jepesi. Hilo sikulijua, mwanangu. Kampuni ilimkata kwenye mshahara, naye hakumwambia mtu. Alikuwa anaendesha kwa mkono mmoja, wa pili kamshika mwanangu. Wakakuta magari yamesongamana darajani. Mwanangu akafumbua macho, akamwambia, "Haya, piga honi. Leo una sababu." Akacheka. Yaani alicheka, mwanangu. Mimi muda wote huu nilidhani alikufa akiwa na hofu.

Nililia mbele ya mgeni. Na mgeni naye akalia, viatu vinambana. Tukawa wawili.

Tulipotulia nikamwuliza, "Binti akiwa kwako, mimi nitakuwa nani?" Akafikiri. Ningemchukia kama angejibu haraka. Akasema, "Mzee, mimi sikulelewa na baba. Sijui baba wa mume wa kwanza wa mkeo huitwaje. Nitakuita utakavyotaka, mradi uniitikie." Nikamwambia huko kutafuta jina ndiko kunakowaponza wasomi, aniite Mzee kama zamani, na akavue viatu tuende bandani.

Amenywesha ndama, mwanangu. Hajui. Yule mweupe kamlamba sikio, karuka. Lakini aliosha ndoo bila kuambiwa, kila moja na maji yake.

Basi nimesema ndiyo. Nimeisema kwa mdomo wangu, na sasa naiandika, ili isiwe na shaka. Nimeisema na inaniuma, vyote viwili ni kweli, usije ukadhani kimoja kimefuta kingine. Nilipokuona umekaa kwenye majani yale unamnywesha yule mweupe, uso umechoka, niligundua kwamba nilikuwa nataka ubaki vile vile, mjane wa mwanangu, ili yeye asiishe. Nami nikajiona. Mtu hawekwi hivyo. Hata ndama tunamwachisha maziwa kwa sababu tunataka aishi, si kwa sababu hatumpendi, naye hulia, na sisi tukiwa ndani tunamsikia.

Umeniuliza utakuja kwangu kama nani. Utakuja bila kupiga hodi. Mtu asiyepiga hodi unajua mwenyewe anaitwaje.

Siku yenu nitakuja. Jirani atanikamulia, nimemfundisha habari ya ndoo na maji ya moto mpaka kachoka na mimi. Nitapanda basi la asubuhi. Sina koti la maana, langu panya wamelifanya nyumba, kwa hiyo nimelitoa lake kabatini, lile la kijivu alilovaa alipokuoa. Nimelijaribu. Linanibana mabegani, na mikono imenipita kidogo, alikuwa mrefu kuliko mimi. Nimelipiga brashi, nimelianika uani kutwa, na Madoa kalitazama sana.

Nakwambia mapema ili usipate mshtuko. Ukiwa umesimama kituoni, ukaona koti lile linashuka kwenye basi, usikimbie wala usilie. Ni mimi.

Baba